Mtandao Mzito Nyumbani kwa Mwanaidi

Sisi watu wa Rasbura, hapa pwani, tuna midomo, sikatai, lakini hili hatukulizua. Mwanaidi ni jirani, ukuta kwa ukuta, na alama yenyewe ipo mpaka leo. Anayebisha na aje aione.

Ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa nyingine. Wanaume wametoka msikitini, harufu ya pilau imeushika mtaa, na Mwanaidi amekaa mkekani anagombana na mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo, bodi moja tu ndani ya kasha la plastiki, haifikii hata kipande cha sabuni ya kufulia. Aliiunda mwanawe Suleiman, fundi, Sele kwa rafiki zake, akaifunga nyuma ya televisheni pamoja na kamera na kipaza sauti, ili mama yake asihangaike na simu kwa macho yake yale yasiyoona vizuri. Akitaka kumwona Kazija, bintiye anayefanya kazi za ndani Maskati, anaita jina tu, na Kazija anatokea kwenye kioo mzima mzima, anacheka.

Tangu Suleiman azikwe, mashine ikawa nzito. Uso wa Kazija unakwama mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande. Na siku hiyo haikuwa siku ya kukwama. Kazija alikuwa hospitalini huko huko ugenini, anasubiri kupasuliwa moyo, na aliahidi kupiga kabla hajaingizwa. Mwanaidi alishazika mtoto mmoja bila kuagana naye vizuri. Huyu wa pili hakutaka iwe hivyo.

Maana na Suleiman waliachana vibaya. Ilikuwa siku ya hitima ya marehemu baba yake, wasomaji wamekwisha kaa, kijana akapigiwa simu aende Sudi akafunge kamera dukani kwa mtu. Mama akamwambia asubiri dua iishe. Akasema atawahi kurudi. Mwanaidi akapandwa na hasira, akasema mbele ya watu, "Ukiipanda hiyo pikipiki leo, radhi zangu usizitegemee." Suleiman akacheka, akaipanda. Njiani akakutana na lori la chumvi.

Jeneza lilipokuwa likitoka, shehe alisimama mlangoni akauliza, kama ilivyo desturi, mama wa marehemu yu radhi naye? Mwanaidi alikuwa amezimia ndani. Dada yake, Amina, akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Yu radhi." Watu wakaitikia, jeneza likaenda. Amina hakukusudia ubaya. Alitaka tu maiti isicheleweshwe.

Basi Ijumaa hiyo akaja Dionis, rafiki wa marehemu na fundi mwenzake, Mmwera wa bara, Mkatoliki aliyekuwa akila futari nyumba hiyo kuwashinda waliofunga.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja. Mashine ya mwenzio inanitesa."

Dionis akachungulia nyuma ya televisheni, akacheka. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua, sawa na kile cha redio na cha televisheni yenyewe.

"Mama, umeivisha?"

"Naikinga vumbi, mwanangu."

"Hii inapumulia juu. Ukiifunika inapata joto, inajivuta."

Akakiondoa kitambaa. Akaona na chaja si yake, ni ya simu ya kitochi, umeme wake haba. Akaitoa, akaweka ya kwake. Akabadilisha waya wa mtandao, akazima, akawasha. Akapima kasi kwenye simu yake mwenyewe, mtandao ukaruka kama mbuzi. Akapima kwenye mashine. Ulikuwa ukitambaa.

"Basi si laini," akasema. "Kuna kitu kinaula mtandao humu humu ndani."

Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ikatokea kwenye kioo cha televisheni. Mashine yenyewe. Simu ya Dionis. Na jina la tatu, ambalo Mwanaidi alilisoma kwa kulikaribia.

Simu ya Sele.

Dionis akashusha sauti. "Mama, simu yake mlimpa nani?"

Mwanaidi aliinuka, akafungua kabati, akatoa mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na vipande: kioo kilichosagika, kava, kadi. Betri haikuwemo. Ilibaki barabarani.

Wakarudisha macho kwenye kioo.

Chini ya lile jina kulikuwa na mstari wa kijani, unaoonyesha mzigo unaopita. Ulikuwa umelala. Mwanaidi akaguna, mstari ukapanda. Akanyamaza, ukashuka.

"Moja, mbili, tatu," akasema Dionis. Mstari haukutikisika. "Sema wewe, mama."

"Niseme nini?"

Ukapanda.

"Inapeleka sauti yako," Dionis akanong'ona. "Yako tu. Ya kwangu haiitaki."

"Inapeleka kwa nani?"

Dionis akaelekeza kidole kwenye jina. Kisha akatafuta ilianza lini, akaona, akataka kukifunika kioo kwa mkono. Ilianza siku ya maziko, saa ile ile waliyorudi kutoka makaburini.

Hapo simu ya Maskati ikaita. Kazija akatokea, amevaa nguo za hospitali, akakwama. Mdomo ukafunguka bila sauti. Jicho moja likabaki limefumba. Mwanaidi akaita, "Kazija! Mwanangu!" Na kila alivyoita, mstari ulipanda, na Kazija akazidi kuganda.

Moyo wa mama ukapasuka pande mbili. Akafumba macho.

"Mfungie nje," akasema.

Dionis akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza. Jina likafifia. Kazija akatakata pale pale, mzima mzima, hata nywele zilizotoka kwenye kofia zikaonekana.

"Mama! Leo nakuona!"

Ndipo mlango ukagongwa. Taratibu. Hakuna aliyepiga hodi.

Dionis akaenda, akafungua. Baraza tupu. Jua kali, watoto wanacheza mbali.

Ukagongwa mlango wa uani. Akakimbilia huko. Hakuna mtu.

Likagongwa dirisha, lile la nyuma ya televisheni. Mbao zake zilifungwa. Chuma kikagusa mbao, polepole, mara mbili na tena mara moja. Mwanaidi alijua ni pete, ile ya kidoleni mwa mwanawe. Alipokuwa akichelewa usiku Suleiman aligonga hivyo hivyo, asiamshe mtaa.

Kazija naye alisikia, huko aliko. Akatabasamu kwa mazoea, kabla akili haijamrudia. "Mama, si umfungulie ka..." Kisha rangi ikamtoka.

"Usijali, mwanangu. Ni upepo."

Hapakuwa na upepo.

Wauguzi wakatokea nyuma ya Kazija, wakashika kitanda. Akalia. "Mama, nipe radhi zako. Haraka."

"Nimekuwia radhi, mwanangu. Duniani na akhera."

Kugonga kukakoma.

Kazija akaondolewa, kioo kikawa cheusi. Mwanaidi akabaki amekaa. Sasa alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko msiba. Mtoto wake hakuja kumtisha mtu. Miezi yote hiyo alikuwa akisikiliza, neno baada ya neno, mama anagombana na kuku, mama anahesabu tasbihi, akingoja neno moja ambalo alilitoa Amina na si mama yake. Na leo alilisikia likipewa mwingine, naye amefungiwa nje.

"Mfungulie," akasema. "Dionis, mfungulie mwenzio!"

Dionis akabonyeza. Jina likarudi. Mstari ukalala, haupumui. Mwanaidi akaisogelea mashine mpaka midomo ikaigusa.

"Suleiman. Mwanangu. Nilisema kwa hasira. Nimekuwia radhi. Duniani na akhera."

Mstari ukapanda. Ukapanda mpaka ukagusa juu, ukasimama hapo.

"Na nilikuwa nataka..."

Ukaanguka. Jina likatoka kwenye orodha.

Alikuwa na mengine ya kusema. Alitaka kumwambia wali wake wa siku ya hitima aliuweka mpaka ukachacha. Alitaka kumuuliza kama iliuma.

Kazija alipona, alhamdulillahi, na kila Ijumaa anapiga. Mtandao una kasi siku hizi, unateleza, na Mwanaidi anauchukia. Wakati mwingine kupitia ukutani tunamsikia akiita jina la Suleiman, halafu kimya, anaitazama ile orodha. Dionis anasema jina halijarudi tena.

Siku ile Dionis akitoka alipita nyuma ya nyumba, akaona kwenye mbao za dirisha, upande wa nje, alama ya udongo. Ni sikio, na nusu ya shavu, kwa kimo cha mtu mrefu, vimebanwa kwenye mbao kwa nguvu. Udongo ni mwekundu, kama ule wa makaburini. Rasbura kwetu ni mchanga.

Idd iliyopita alikuja Salumu, kijana wa mtaani, kupaka chokaa nyumba nzima. Mwanaidi alisimama mbele ya dirisha lile mpaka kazi ikaisha. Masika nayo yamelipiga, na alama haijatoka.