Ufuta wa Chini ya Gunia

Siku hiyo Chiriku aliamka mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Alifagia ua wa ghala huku akiinamia ufagio na kuusalimu kwa Kikorea, "Annyong haseyo!" Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Na leo ungetulia vipi, wakati mnunuzi kutoka Korea yuko njiani?

Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa ufuta. Miaka yote walanguzi waliwapunja. Safari hii ubalozi wa Korea ulikuwa umewaunganisha na mama mwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya ufuta huko kwao. Akiridhika, angenunua mavuno yao yote.

"Limebaki gunia hili tu," shangazi alisema. "Lichekeche lote, mwanangu. Usibaki mchanga hata chembe."

"Niachie mimi, shangazi!"

Chiriku alichekecha kidogo, akakimbilia kioo cha dirisha kufanya mazoezi ya kuinama. Alirudi, akachekecha, akaenda tena. Mara honi ikalia langoni, na kazi haijafika hata nusu! Haraka haraka akamimina ufuta mchafu chini, msafi juu, akafunga gunia. Nani atatazama chini?

Mgeni alishuka garini, wakulima wakakusanyika ghalani kumpokea. Chiriku akainama. "Annyong haseyo!"

Mgeni aliinama pia, akicheka. "Nawe hujambo, binti? Kiswahili nilijifunza nilipofanya kazi ubalozini."

Ghala zima liliangua kicheko. Chiriku alivimba kichwa, lakini si kwa muda mrefu. Mgeni alitoa bambo, kile chuma kirefu chenye uwazi cha kuchomea magunia na kuchota punje za ndani.

"Mimi huanzia chini," alisema. "Mchanga kidogo tu huharibu mafuta, na wateja wangu hawanisamehe."

Gunia la kwanza, safi. La pili, safi. Wakulima walianza kupigana vikumbo kwa furaha. Bambo lilipokaribia gunia lake, Chiriku alimtazama shangazi, aliyekuwa akitabasamu hadi magego yakaonekana.

"Subiri!" alipaza sauti. "Hilo chini ni chafu. Nilicheza, nikaficha. Shangazi hajui!"

Tabasamu la shangazi lilizimika.

Mgeni aliweka bambo chini. "Nimezunguka maghala mengi," alisema polepole. "Kila mtu hunionyesha ufuta wake msafi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuonyeshwa mchanga na mwenye mchanga." Akavua koti. "Chekeche liko wapi? Tutangoja."

Chiriku alichekecha jasho likimtiririka, bila neno hata moja. Hapo ndipo watu walipojua kwamba kweli anajuta! Bambo liliposhuka tena, lilitoka na ufuta mweupe mtupu. Mgeni alimpa shangazi mikono yote miwili.

"Nanunua wote. Na msimu ujao pia."

Vigelegele vilitikisa mabati.

"Mama," Chiriku alimuuliza mgeni kwa aibu, "samahani kwa Kikorea husemwaje?"

"Umeshaisema," mgeni alijibu, akilionyesha lile gunia.

Shangazi alimvuta Chiriku kifuani. "Salamu yako ilimchekesha mgeni, mwanangu, lakini kilichouza ufuta wetu ni ule ukweli wako. Ila siku nyingine chekecha kwanza, uiname baadaye."