Jasho la Kocha

Jezi ilikuwa haikauki. Mshonaji aliligundua hilo asubuhi alipoigusa pale ilipotundikwa, juu ya cherehani: kwapani ilikuwa mbichi, ya vuguvugu, kana kwamba imevuliwa sasa hivi. Na mwenye jezi, kaka yake, alikuwa kaburini mwezi mzima.

Kocha Pumzi, watoto wa timu walimwita hivyo, maana mafunzo yake yote yalikuwa neno moja: "Pumzi, wanangu, pumzi!" Alianguka akikimbia nao uwanjani, akakata roho huku wao wakicheka, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Walimpenda mno. Siku ya maziko walimzunguka dada yake. "Usiifue jezi, mama. Harufu yake itaondoka." Naye alikuwa na uchungu uleule, hakuifua. Alikata pindo la chini, akamshonea kila mchezaji kitambaa cha kufunga mkononi, binti yake mwenyewe, golikipa wa timu, akiwa wa kwanza kuvaa.

Mapenzi hayo! Siku zilivyokwenda, harufu ya kaka iligeuka, ikawa ya panya aliyefia darini. Nzi wakajaa. Jasho likaanza kudondoka kwenye meza, zito, la manjano, lenye utelezi wa kamasi, na mshonaji akawa analifuta huku akitapika, akijilaumu kwa kumwonea kinyaa ndugu yake wa tumbo moja.

Mchana mmoja akamkuta binti yake amejikunyata chini ya cherehani, mkono umo mdomoni, ananyonya kile kitambaa kwa pupa kama kichanga kwenye titi, ute wa manjano ukimchuruzika kidevuni mpaka kifuani, na alipomvuta mkono, ile sauti nzito ya marehemu ikatoka katika koo la mtoto wa miaka kumi na mitatu: "Pumzi, wanangu. Nipeni pumzi."

Aliita bibi mmoja, mganga wa majini, siku hiyohiyo.

"Ni kaka yangu?" alinong'ona.

"Kaka yako amekwenda zake, alikuwa mtu mwema," mganga akajibu, pua kaiziba. "Hili ni jini. Limeingia kwenye jasho lake kama nzi kwenye kidonda. Unalilea mwenyewe. Fua."

"Harufu yake ndiyo iliyonibakia, bibi."

"Basi chagua. Harufu au mwanao."

Alifua. Alikifungua kitambaa mkononi mwa binti, akakitia pamoja na jezi katika maji ya moto, akasugua kwa sabuni huku analia kwa kwikwi, na nguo ikamsokota vidoleni, ikaguna, ikatema povu jeusi lenye nywele na kucha, mpaka ikatulia. Binti akatapika beseni zima, akafumbua macho.

"Mama, nina njaa," akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Mshonaji akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Mganga akaikung'uta jezi aianike. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Pindo liko wapi?"

Mshonaji aligeuka haraka. Alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, uwanjani, timu ilikuwa mazoezini, lakini mpira ulikuwa umelala peke yake. Watoto wote walikuwa wameketi nyasini, wametulia, kila mmoja na mkono wake mdomoni.