Mkaratusi Ulioegemea Nyaya

Asubuhi hiyo ya Aprili 1987, Jerono alijaribu kumkamua ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kumkamua. Mawazo yake hayakuwa kwenye ndoo. Macho yake yalikuwa kwenye mkaratusi mkubwa uliosimama karibu na lango lao, nje kidogo ya Kitale. Mti ulikuwa umeinama. Upepo ulipovuma, matawi yaligusa nyaya za stima, na cheche zikaruka. Na hapo chini ndipo binti yake Chesang alipopita kila siku kwenda shule.

"Baba Chesang, hiyo mti itatuua," alimwambia mumewe, Kipketer.

"Si nimekwambia naikata kesho? Chifu ameniandikia ruhusa. Kinyua wa hapo juu analeta msumeno. Tunafunga kamba, ng'ombe wanavuta, inaanguka upande wa shamba. Kwisha!"

"Kwa nini usiende kwa kanjo, pale ofisi ya baraza la mji?"

Kipketer alikohoa, akatoka nje. Jerono alijua sababu ya kikohozi hicho. Mwaka uliopita mumewe alikuwa amesogeza fensi hadi kando ya barabara ili ndama wapate nyasi. Bikoni, lile jiwe la wapimaji linaloonyesha mpaka, sasa lilikuwa ndani ya boma lao, limefunikwa na majani. Watu wa baraza la mji wakija, wataliona.

Jerono hakutulia. Alianza kufua, akaziacha nguo kwenye beseni. Alitembea hadi njia panda, akarudi. Mwishowe alijikaza akaenda kwa jirani yao Wekoye, mzaliwa wa Bungoma aliyefanya kazi katika idara ya barabara ya baraza la mji.

Wekoye alikuja, akautazama mti akiwa mbali. "Mama Chesang, rudi nyuma kidogo. Kipketer, hii mti si yako."

"Ati si yangu? Si iko ndani ya fensi yangu?"

"Fensi ni yako. Bikoni iko wapi?"

Jerono akafunua majani kwa mguu. "Hii hapa," alisema. Aibu ilimjaa, lakini alisema.

Wekoye alijizuia kucheka. "Kutoka hapa mpaka barabara ni ardhi ya umma. Iliachwa kwa ajili ya barabara na nguzo za stima. Mti wa hapo ukiwa hatari, kuuondoa ni kazi ya baraza. Nao huwaambia watu wa stima wazime nyaya kwanza."

"Lakini niko na ruhusa ya chifu, bana!"

"Karatasi ya chifu haizimi stima. Mti mbichi una maji, na stima hupita ndani yake. Kamba ikilowa pia inapitisha. Kule Malakisi nilimzika rafiki yangu. Alikata tawi moja tu."

"Na wakiona fensi, si watanishtaki?"

Jerono alishindwa kuvumilia. "Unaogopa mambo ya fensi kuliko kutuzika?"

Siku hiyo hiyo Kipketer alirudisha fensi mahali pake. Kinyua aliambiwa asilete msumeno. Kisha Wekoye akawasaidia kuandika barua. Waliandika mahali mti ulipo, namba ya nguzo, na jinsi matawi yanavyogusa nyaya. Walipeleka nakala mbili kwenye ofisi ya baraza. Moja ilipigwa muhuri, wakarudi nayo nyumbani.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Jerono hakupata usingizi mzuri. Kila asubuhi alimzungusha Chesang kupitia shamba la Kinyua, umande ukiwalowesha hadi magotini. Kipketer naye alirudi ofisini na nakala yake mara mbili.

Wiki ya tatu, lori la baraza likafika pamoja na watu wa stima. Nyaya zilizimwa. Mafundi walipanda, wakaukata mti vipande vipande kuanzia juu.

Nyapara wao alimwonyesha Kipketer tawi moja. Lilikuwa limeungua, jeusi hadi ndani.

"Stima ilikuwa inaingilia hapa," alisema. "Mtu angeushika huu mti siku ya mvua, hangeuachilia tena."

Kipketer aligusa sehemu nyeusi kwa kidole. "Ni mimi ningeshika kamba," alisema polepole.

Jerono alikuwa na maneno makali, ameyaweka tayari wiki tatu nzima. Hakuyasema. Alimshika mumewe mkono mbele ya wafanyakazi wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, naye Kipketer hakuutoa.