Kikohozi Nyuma ya Ngoma

Kila siku nikitoka shule nilipitia studio ya mjomba, chumba kimoja kilichogongelewa magodoro ya zamani ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Nilifagia, nikakunja nyaya, kisha nikakaa kimya kumtazama akifanya kazi. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda, maana nilikuwa na kikohozi cha wiki ya nne. Nilikiziba kwa sweta, na nyumbani nilisema ni vumbi la chaki. Kwaya ya shule ilikuwa inakwenda mashindanoni nami ndiye niliyeiongoza. Mwalimu angejua naumwa, nafasi yangu angepewa jirani yangu wa dawati, aliyekuwa akiimezea mate tangu muhula uanze.

Siku hiyo mjomba aliufungua wimbo wa mwisho wa mama. Mama alikuwa mwimbaji wa bendi. Kifua kikuu kilimuua mwaka uliopita. Bibi alikuwa ameomba asikie sauti ya mwanawe peke yake, bila vyombo.

"Programu hii inachambua wimbo kama watu wanavyochambua mchele," mjomba alisema. "Ngoma huku, besi huku, gitaa kule, sauti pale."

"Na mawe je, mjomba?" nilimtania.

Mistari minne ya rangi ilijipanga kwenye kioo cha kompyuta. Akazima ngoma, akazima besi, akazima gitaa, akabaki mama. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Kisha, kati ya ubeti na ubeti, mama akakohoa, kikohozi cha mtu aliyejifunika mdomo. Akaimba. Akakohoa tena.

"Mbona kwenye wimbo hakisikiki?"

Mjomba alivua miwani. "Mimi ndiye niliyepandisha sauti ya ngoma pale ili ikifunike. Aliniomba. 'Kaka, kifiche tu, onyesho likipita nitakwenda hospitali.' Nikadhani namsaidia. Likapita, likaja jingine. Alipokwenda, mapafu yalikuwa yameshaharibika."

Nilianza kulia, na kilio kikaamsha kikohozi changu. Niliwahi kukiziba kwa sweta, lakini nilikuwa nimekaa mbele ya fundi wa sauti.

"Hicho kimeanza lini?"

"Ni vumbi la chaki tu..."

"Lini, mwanangu?"

"Hii ni wiki ya nne."

Hakunigombeza. Tulikwenda zahanati saa ile ile. Makohozi yalipimwa, na ugonjwa ulikuwa ule ule wa mama. Daktari alisema tumewahi: dawa kila siku kwa miezi sita bila kuruka, na nyumba nzima ipimwe. Mashindano yalipita bila mimi, nikalia siku nzima. Dawa zilipokwisha nilipimwa tena, nikakutwa nimepona.

Jioni ya siku ile tuliyokwenda zahanati, mjomba alimletea bibi sauti ya mama. Hakuondoa kikohozi hata kimoja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mjomba.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mjomba aliniambia. "Ukiumwa, sema mapema. Na mwenzako akikuomba umfichie, kataa, hata akikununia. Mimi nilikubali, na sasa sina dada."