Msalaba Uliopigwa Bandi

Kila jioni Kidodosi alifanya kazi za shule chini ya meza ya kukatia nguo, maana juu ya meza hapakuwa na nafasi. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Jina la utani la Kidodosi alipewa na kaka yake, kwa kuwa maswali yake yalikuwa mengi kuliko vifungo vya mama.

Jioni hiyo kaka alirudi kutoka karakana ya kuchomelea vyuma, akachutama karibu naye na kukunja mkono wa shati.

"Kidodosi, nichoree msalaba mzuri kwenye karatasi. Jumamosi mimi na wenzangu tunakwenda kuchorwa tatuu."

"Ile isiyofutika?"

"Hiyo hiyo."

"Mungu hakasiriki? Sindano inauma? Ukizeeka msalaba hautajikunja?"

"Ewe mtoto, nimeomba mchoro, sikuomba mahojiano!"

Cherehani ikanyamaza. Kidodosi akamtazama mama. Alimjua kaka yake: mama akifoka, ataziba masikio na kwenda hata kwa kukomoa tu.

Lakini mama aliuliza taratibu, "Kwa nini msalaba, baba?"

"Nimebatizwa juzi, mama. Nataka watu wajue mimi ni wa nani."

Mama akainua gauni lililoshonwa kwa uzi mweupe wa hatua ndefu. "Hili nimelipiga bandi tu. Mteja akilijaribu likambana, navuta uzi, nguo haijaharibika. Cherehani inafuata baadaye."

"Hata sisi chuma tunakishika kwanza kwa nukta ndogo, kabla ya kukichomelea chote," kaka alikubali.

"Basi na msalaba wako tuupige bandi. Kidodosi atakuchorea kwa kalamu kila asubuhi. Uvae kwanza, halafu tuzungumze."

Ikawa hivyo. Asubuhi Kidodosi alichora, jioni alidodosa: nani kauona? Kasemaje? Kaka alicheka. Karakana nzima sasa ilimwita Baba Askofu.

Lakini siku moja alirudi amenuna, masizi hadi kwenye nyusi.

"Msalaba wako umeniponza leo. Bibi mmoja alikuja kuchukua geti lake. Bawaba moja nilikuwa nimeishika kwa nukta tu, nikapaka rangi juu yake. Akautazama mkono wangu, akasema, 'Afadhali nimekukuta wewe, mtu wa Mungu. Niambie, litadumu?'"

"Ukamjibuje?"

"Nilikaribia kusema ndiyo. Mwisho nikasema, 'Hapana, bibi, nisubiri.' Akaketi juu ya ndoo, nikachomelea upya. Fundi mkuu kanifokea mbele ya watu wote!"

Jumamosi asubuhi Kidodosi alikuja na kalamu. Kaka akaficha mkono mgongoni.

"Leo usichore. Na wale wenzangu nimewaambia waende tu."

"Umeogopa sindano?"

"Sindano naiogopa pia, siwezi kukudanganya. Lakini nimekuwa nikijiuliza: bila ule msalaba, ningemwambia yule bibi ukweli? Sijui. Nataka nijue kwanza."

Mama akakata uzi kwa meno, akawatazama wote wawili.

"Wanangu, wapo Wakristo wanaosoma Maandiko na kusema tatuu ni kosa, na wapo wasioona hivyo. Mimi ningependa miili yenu ibaki kama nilivyoipokea mikononi mwa Mungu. Lakini hata anayefikiri tofauti nami, jambo lisilofutika asiliamue kwa sababu wenzake wanakwenda Jumamosi. Aliombee, aulize, asubiri. Na watu wakiukuta ukweli kinywani mwako, baba, watajua wewe ni wa nani hata ukivaa mikono mirefu."

"Na mimi je, mama, nikiwa mkubwa?"

"Utaniuliza."

"Naweza kuanza sasa?"

Mama akacheka na kukanyaga cherehani, ikanguruma. Kaka akachukua kofia yake ya kazi, mkono mtupu, bila wino wowote. Mlangoni akageuka.

"Kidodosi, jioni usisahau kuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kama leo pia nimesema kweli."