Mawigi Kumi na Moja ya Terrell

Delphine Mabry alikutana na Terrell Oakes Jumamosi moja kwenye duka la mashine za kufulia, hapa Baltimore, watu wamejaa na mashine zinaunguruma. Jamaa alikuwa akitoa nguo za Delphine mbichi mbichi na kuzitia kwenye kikapu.

"We! Hiyo sidiria yangu!"

"Samahani, mrembo. Mashine imemaliza kitambo, nami nimesimama hapa kama mlinzi."

"Mlinzi gani anashikashika vya watu?"

Terrell alicheka. Kichwa chake kilikuwa upara unaong'aa, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi. Delphine aliipenda pasi ile.

Baada ya miezi mitatu Delphine alihamia kwa Terrell, chumba cha chini ya ardhi, pamoja na kazi yake: mawigi kumi na moja aliyoyashona kwa mkono. Terrell aliyapa majina. "Beibi, huyu Yolanda ananiangalia vibaya." Yalikuwa mapenzi matamu, sikatai.

Mwaka ulipopita, mvua ya Juni ilinyesha siku mbili, bomba kuu la maji taka likazidiwa, na mavi ya mtaa mzima yakapanda kupitia bafuni kwao. Nasema mavi kwa sababu ndiyo yalikuwa. Terrell alikuwa na bima ya mpangaji, ile inayolipia vitu vya ndani, na hasara ya maji taka ilikuwamo. Lakini kampuni ilisema wasitupe kitu hadi mkaguzi afike, basi mawigi yakakaa ndani ya uchafu ule, nywele zimeganda, karatasi za choo zimenasa. Delphine alitapika kwenye ngazi.

Mkaguzi, Bi Hasken, alikuja na buti za mpira na barakoa.

"Ulituambia unaishi peke yako. Tunalipia vitu vyako tu, na vya mke kama unaye."

"Peke yangu," Terrell alisema haraka.

"Na haya mawigi?"

"Yangu."

"Yote?"

Terrell alijipapasa upara. "Napenda kubadilisha."

"Na huyu dada?"

"Mgeni."

Bi Hasken alipotoka kupiga picha bafuni, Delphine alimgeukia Terrell.

"Mgeni? Mwaka mzima?"

"Mpenzi, nilikuwa naokoa mali yako! Wakala wa bima anasali kanisa moja na mama. Angejua tunaishi pamoja bila ndoa, mama angeambiwa..."

"Una miaka thelathini na nne, Terrell!"

"Basi tuoane! Leo leo. Mke anaingia kwenye bima moja kwa moja." Akapiga goti, na goti likazama kwenye tope lile.

"Inuka. Unanichumbia kwenye mavi kwa ajili ya fomu. Kinyaa!"

Delphine aliondoka na nguo alizovaa tu, akaenda kwa binamu yake. Wiki mbili Terrell alipiga simu bila kujibiwa. Siku moja Delphine akapokea.

"Delphi, nimemwambia mama. Bima nimeiandika upya, jina lako liko juu ya langu."

"Na mawigi?"

"Nimesema ukweli, hawayalipii. Nitakununulia nywele mwenyewe. Wamesafisha, wamepaka rangi. Harufu imeisha kabisa, mpenzi. Rudi nyumbani."

Delphine alikuwa ananawa mikono kwa mara ya nne tangu asubuhi. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomchefua zaidi.

"Imeisha kwako," alisema. "Mimi kila ukifungua mdomo, nainusa."

Akakata simu, akachukua tena sabuni.