Mgeni Aliyeshika Nguzo

Maziwa yalinuka mafuta kabla hata hayajafika mdomoni. Wadha akayamwaga nje ya hema, akasonya. Tangu wazungu waje kutoboa jangwa la Hasa, huku Uarabuni, wakitafuta mafuta, kila kitu kilinuka hivyo, hata mumewe Jazaa, aliyewafanyia kazi mtamboni.

Alipogeuka, mtu alikuwa amesimama ndani, ameshika nguzo ya katikati. Mbwa hakubweka.

"Nimeingia kwako, mama. Nihifadhi. Wananiwinda."

Sasa wewe ungefanyaje? Kwa Mabedui, aliyeshika nguzo hafukuzwi, hata awe muuaji. Mwenye hema ndiye ngao yake, na akimtoa, aibu wataila mpaka wajukuu.

"Umesalimika," Wadha akasema. "Hakugusi mtu." Akammiminia kahawa. "Nani wanakuwinda?"

"Wanaotoboa paa la nyumba yangu."

Chini ya mkeka kukagongwa, ko, ko, ko, sawia na mtambo kule mbali. Wadha akatazama mchanga mlangoni. Mgeni hakuacha nyayo.

"Bismillahi," akanong'ona.

"Rahmani Rahimi," mgeni akamalizia taratibu. "Hata mimi nasali, mama. Dua hainitoi hapa. Neno lako ndilo lililoniweka."

"Mume wangu yumo kule mtamboni. Nakuomba, usimdhuru."

"Namjua. Ndiye aliyewaonyesha mahali pa kutoboa."

Mara sauti ya Jazaa ikasikika nje. "Mama Sattam, leo kuna chakula au tunakula upepo?"

Wadha alitaka kumwambia akimbie lakini ulimi ulikuwa mzito, na ile harufu ikapanda ikamjaa kooni, na mgeni akawa anatabasamu akiutazama mlango, na Jazaa akainama aingie, ndipo Wadha akasema moyoni potelea mbali, aibu na iwe yangu, akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili, akaing'oa, na hema zima likawaangukia.

Akajikwamua. Akaanza kuvuta vitambaa vizito vya manyoya ya mbuzi, huku analia, anaita jina la mumewe.

Akatoka mtu mmoja tu. Uso wa Jazaa, mikono ya Jazaa yenye grisi. Wadha akamkumbatia, akamshukuru Mungu mpaka pumzi zikamwishia.

"Baba Sattam, sema kitu basi."

Mtu yule akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Usilie, mwenyeji wangu," akasema.